Kizazi, Mji na Mlango: Historia ya Majina ya Saratani Mbili, kwa Kutazama Kasulu na Kibondo

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotwikwa kazi nyingi kupita kiasi limo neno kizazi. Watu waliozaliwa katika zama moja ni kizazi. Watoto na wajukuu wa mtu ni kizazi chake. Uwezo wa kupata mtoto nao ni kizazi, na ndiyo maana mke asiyejaliwa mtoto husemwa kuwa hana kizazi. Tena kiungo anamokaa mtoto kabla ya kuzaliwa ni kizazi, na mama aliyepasuliwa kikaondolewa husema ametolewa kizazi. Katika mazungumzo ya kawaida mambo haya hayamkwazi mtu, kwani msikiaji huchagua maana kwa kufuata maneno yaliyotangulia. Neno lilipoingia hospitali na kuambatanishwa na neno kansa, hali ilibadilika. Likazaliwa fungu la maneno kansa ya kizazi, ambalo leo hutajwa mjini na mashambani, na ambalo kwa hakika ni jina la magonjwa mawili.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi magonjwa hayo mawili yalivyokuja kutenganishwa katika elimu ya tiba, na kwa nini lugha yetu haina budi kuyatenganisha pia. Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo. Huko Kiswahili cha afya hukutana na Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo katika chumba kimoja cha mganga, na upungufu wa neno hujitokeza upesi kuliko mahali ambapo wote wanadhani wanaelewana.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Waganga wa Kiyunani wa kale waliuita karkinos, yaani kaa, yule mdudu wa pwani mwenye magando, na inasemekana waliona mishipa iliyotambaa kandokando ya uvimbe ikafanana na miguu yake. Warumi walitafsiri wakasema cancer, nalo pia ni kaa. Waarabu walisema saratani, kaa yuleyule. Kiswahili kikampokea kaa huyu mara mbili: kwanza kwa njia ya Kiarabu, ambapo wenye elimu ya falaki walikuwa wakilijua neno saratani kama jina la burji, kisha kwa njia ya Kiingereza, tukapata kansa. Wakimbizi kutoka Kongo walioingia Kasulu mwaka wa 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, walikuja na kanseri waliyoipata katika Kifaransa. Na kabla ya hao wote wazee walikuwa na donda ndugu, kidonda kisichopona kinachokula mwili na kuenea. Wako waliopoteza wino mwingi kugombania saratani na kansa, ipi ifukuzwe. Sisi twaona ugomvi huo haukumwokoa mtu hata mmoja. Maneno hayo ni visawe, na anayesikia moja akiwa amezoea jingine hapotei njia. Tatizo liko katika neno linalofuata.

Kiungo tunachokizungumzia kina umbo la parachichi dogo lililopinduliwa. Sehemu pana iko juu, na ndimo mimba inamokua. Ndani yake pana utando unaojengeka na kubomoka kila mwezi katika hedhi. Sehemu nyembamba iko chini, nayo hutokezea ukeni. Kilatini huiita cervix, maana yake shingo. Kwa hiyo baadhi yetu tukasema shingo ya kizazi, kwa kufuata umbo, na wengine tukasema mlango wa kizazi, kwa kufuata kazi. Saratani inayoanza mlangoni na ile inayoanza katika utando wa juu ni ndugu kwa mahali tu. Kwa asili, kwa umri wa wagonjwa na kwa mambo yanayomtia mwanamke katika hatari, ni wageni kabisa wao kwa wao.

Wataalamu wa Ulaya walichukua muda mrefu kuliona hilo. Mwaka wa 1842 mganga wa Italia aitwaye Domenico Rigoni-Stern alichapisha uchunguzi wake wa vifo vya mji wa Verona tangu 1760 hata 1839. Aliona kwamba saratani ya kiungo hiki iliwaua wake walioolewa na wajane kwa wingi, lakini watawa wa kike ilikuwa nadra kuwapata. Uchunguzi huo ukawa maarufu, nao kwa haki, kwa maana ulidokeza kwamba ndoa, au tuseme maingiliano ya mume na mke, ina sehemu yake katika ugonjwa. Walakini daftari za Verona hazikutenganisha mlango na sehemu ya juu. Wagonjwa wengi walikuwa wa mlango, basi sauti ya ugonjwa mmoja ikafunika ya mwenziwe. Leo tunajua kwamba kwa saratani ya sehemu ya juu mambo ni kinyume: mwanamke asiyezaa kamwe, kama alivyo mtawa, yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko mama wa watoto sita. Rigoni-Stern hakukosea hesabu. Jina alilopewa na makarani ndilo lililokuwa pana mno.

Mwaka wa 1929 kamati ya afya ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliokuwa na makao yake Geneva, ilitoa utaratibu wa kugawa saratani ya mlango peke yake katika hatua zake. Inafaa tukumbuke kwamba Tanganyika nayo wakati huo ilikuwa chini ya dhamana ya Umoja huohuo, na kwamba Buha ilikuwa imetoka mikononi mwa Wabelgiji, walioitawala tangu 1916, miaka minane tu nyuma. Karatasi za Geneva hazikufika Heru wala Muhambwe. Lakini tangu hapo magonjwa haya yalianza kuhesabiwa kila moja mbali. Baadaye Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, katika toleo lake la 10 lililopitishwa mwaka wa 1990, iliyapa alama tofauti: C53 ni mlango, C54 ni mwili wa kiungo. Ikabaki C55, alama ya saratani ambayo mwandishi hakusema iko sehemu gani. Tukisema kweli, kansa ya kizazi ya kwetu ni C55. Ni jina la kutojua.

Sasa tueleze yale yanayomweka mwanamke katika hatari, kwani hapo ndipo uzito wa jambo ulipo.

Saratani ya sehemu ya juu hukua kwa kuchochewa na homoni iitwayo estrojeni inapofanya kazi peke yake, bila mwenzake projesteroni wa kuizuia. Estrojeni huujenga utando. Projesteroni huutuliza na kuuandaa ubomoke. Kila linaloongeza miaka au nguvu ya estrojeni isiyo na mlinzi huongeza hatari: kuvunja ungo mapema, kuchelewa kukoma hedhi, kutozaa, na kupitisha miezi mingi bila yai kukomaa. Unene wa kupindukia ni mkubwa kuliko hayo yote, kwa sababu mafuta ya mwili yenyewe hutengeneza estrojeni hata baada ya hedhi kukoma. Kisukari huandamana nao. Mwaka wa 1975 waganga wa Marekani walithibitisha kwamba wanawake waliopewa vidonge vya estrojeni tupu ili kupunguza taabu za kukoma hedhi walipata saratani hii mara nyingi kuliko wenzao. Tangu hapo mwanamke mwenye kiungo hicho hupewa projesteroni pamoja nayo. Dawa ya tamoksifeni, inayowasaidia wagonjwa wengi wa saratani ya matiti, nayo huongeza hatari hii kidogo. Ziko pia jamaa chache zinazorithishana kasoro ya chembe za urithi inayoleta saratani ya utumbo mpana na hii. Wagonjwa wengi ni wale waliokwisha kukoma hedhi, na dalili yao kubwa ni damu kutoka tena baada ya kukoma.

Saratani ya mlango ina asili nyingine kabisa. Karibu zote huletwa na virusi vya papiloma vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walivitambua vile vya namba 16 na 18 ndani ya uvimbe katika miaka ya 1983 na 1984, na mwaka wa 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Watu wengi huambukizwa, na miili yao huviondoa virusi hivyo bila wao kujua. Kwa wachache virusi hubaki miaka kumi, ishirini, vikaharibu ngozi ya mlango. Kinachosaidia virusi kubaki ndicho kihatarishi: upungufu wa kinga, na hasa ukimwi, ambao huongeza hatari mara sita, uvutaji wa sigara, kuanza kujamiiana katika umri mdogo, kuzaa mara nyingi, kutumia vidonge vya kupanga uzazi miaka mitano au zaidi.

Msomaji ayaweke mafungu haya mawili kando kwa kando. Kuzaa mara nyingi humkinga mwanamke na ugonjwa wa juu, na humwongezea hatari ya ule wa mlangoni. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili humkinga na wa juu kwa miaka mingi hata baada ya kuviacha, na vikitumiwa muda mrefu huongeza kidogo hatari ya ule wa chini. Hata sigara, ambayo hatuisifu kwa lolote, ni adui wa mlango lakini wavutaji hawaonekani kwa wingi katika ugonjwa wa juu. Mwalimu wa afya anayesimama chini ya mwembe Kibondo akatangaza kwamba uzazi mwingi huleta kansa ya kizazi, amesema kweli na amesema uongo kwa pumzi moja. Na Kigoma ni mkoa ambao kwa miaka mingi umehesabiwa miongoni mwa ile yenye uzazi mkubwa nchini; maneno kama hayo huko hayapiti hivihivi.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 60 katika kijiji cha Kasulu amekoma hedhi miaka tisa iliyopita. Anaona damu. Anasikia kwamba kituo cha afya kinapima kansa ya kizazi, bure, kwa maji ya siki. Anakwenda. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa mlangoni na kutazama kama panageuka peupe; hapageuki. Anaandika kwamba mama hana kansa ya kizazi, naye mama anarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Muuguzi amefanya kazi yake ipasavyo. Lakini kipimo cha siki huona mlango tu, tena katika umri huo hata sehemu ya mlango inayotakiwa kutazamwa mara nyingi huwa imejificha ndani. Damu yake ilitaka kipimo kingine, cha kuchukua kipande cha utando wa juu. Miezi inapita. Neno moja limefunga mlango ambao dalili iliufungua. Mfano huu tumeutunga, lakini hakuna kitu ndani yake kisichowezekana kesho asubuhi, maadamu daftari, tangazo na mdomo wa muuguzi vinatumia jina lilelile.

Yuko atakayesema kwamba ugonjwa wa juu ni haba kwetu, kwa hiyo tofauti hii ni anasa. Ni kweli kwamba mlango ndio unaoua zaidi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa mlango Tanzania kuwa zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Duniani kote mwaka huo palikadiriwa wagonjwa wapya 604,000 wa mlango na 417,000 wa sehemu ya juu, na katika nchi tajiri wa juu ndio wengi zaidi. Lakini unene na kisukari si mambo ya nchi tajiri pekee tena. Ugonjwa ulio haba hupotea kirahisi zaidi ukikosa jina lake, kama ilivyotokea Verona.

Kuna neno la pili linalohitaji kutengenezwa, nalo ni lile la mambo ya hatari yenyewe. Kwa kawaida husemwa sababu. Wengine husema viashiria, lakini kiashiria ni kitu kinachoonyesha, na msikiaji hukichanganya na dalili. Tumepata kuona orodha ambamo unene na kutokwa damu vimewekwa pamoja kana kwamba ni vya aina moja. Sababu nayo ina ubaya mkubwa zaidi: katika Kiswahili, ukiisha kutaja sababu umekwisha kutaja mwenye kosa. Ikisemwa kwamba sababu ya kansa ya mlango ni kuwa na wanaume wengi, mgonjwa amekwisha kuhukumiwa mbele ya wakwe zake.

Historia ya Buha inaonyesha jinsi hukumu hiyo ilivyo ya dhuluma. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka wa 1914, nyanda hizi zilifungamanishwa na pwani iliyo umbali wa zaidi ya kilometa 1,200. Wakati wa Waingereza Kasulu na Kibondo zikawa ghala la vibarua. Wanaume walikwenda kwa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na tangu 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU iliwaandikisha kwa maelfu. Waliitwa manamba. Wengi walikwenda peke yao, wakaishi kambini miezi na miaka, kisha wakarudi na nguo, fedha kidogo na Kiswahili. Mke alibaki akilima muhogo na maharage. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1981, wa wanawake waliosema hawakupata kumjua mwanamume mwingine ila waume zao, ulionyesha kwamba hatari yao ilipanda kwa kadiri ya wanawake ambao mume alikuwa amewajua. Hatuna haja ya kudai kwamba kila namba alirudi na virusi. Tunalosema ni kwamba mwanamke anaweza kuwa mwaminifu maisha yake yote na bado akawa katika hatari, na kwamba neno sababu halina nafasi ya kumweka huyo. Ndiyo maana tunapendelea kihatarishi. Kitenzi hatarisha husema kwamba kitu kinamsogeza mtu karibu na shimo. Hakisemi kwamba ameanguka, wala kwamba alijitupa.

Neno kizazi limeleta shida nyingine pia. Majaribio ya chanjo ya virusi vya papiloma yalipofanywa katika shule za Mwanza, mwaka wa 2010 na 2011, watafiti walikuta hofu kwamba chanjo ingewafanya wasichana wawe tasa. Chanjo ilitolewa nchi nzima kuanzia Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka wa 2024 ikawa dozi moja kwa wale wa miaka 9 hadi 14. Hofu za namna hiyo zina vyanzo vingi, na tungekuwa wajinga kuyatwisha maneno lawama yote. Hata hivyo, mzazi aliyezoea kusikia kufunga kizazi na kutoa kizazi, akiambiwa bintiye atachomwa sindano ya kizazi, ana haki ya kushtuka.

Basi tuseme nini? Lugha ilikuwa na jibu kabla ya hospitali. Watu wa pwani huita kiungo hiki mji wa mimba, au mji tu. Neno hilohilo hutumika kwa kanga: ukingo wake ni pindo, na uwanja wa katikati ni mji. Mji ni mahali pa ndani penye kukaliwa, nao huwa na lango la kuingilia. Kwa hiyo saratani ya mji wa mimba na saratani ya mlango wa kizazi zitakuwa majina mawili yanayojieleza. Mlango wa kizazi tusiung'oe, kwa kuwa umekwisha kuenea katika mabango na vinywani. Daktari akihitaji kubainisha zaidi, aseme saratani ya utando wa mji wa mimba, kwa maana msuli wa mji nao una saratani yake, iliyo nadra.

Pingamizi tunalitarajia kutoka bara. Watasema kwamba kwa Mha mji ni Kigoma au Kasulu, penye maduka, na kwamba mji wa mimba ni mafumbo ya Waswahili. Hoja hiyo ina nguvu, nasi tulikaa nayo. Kirundi, kilicho ndugu wa karibu wa Kiha, husema inda kwa tumbo na kwa mimba pia, kwa hiyo hakitusaidii kugawa. Lakini Kirundi kina urugo, yaani boma la nyumba lililozungushiwa ua, na kina irembo, mahali pa kuingilia bomani. Kila mama wa nyanda hizo anajua kwamba kilichoharibika irembo si lazima kiwe kimeharibu ndani, na kwamba mtu akikagua irembo bado hajakagua nyumba. Muuguzi wa Kibondo akieleza mji na mlango kwa mfano wa boma, hahitaji kamusi.

Pale wagonjwa wanapopewa barua ya kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka wa 1996, mwandishi wa barua aandike mojawapo ya mambo matatu: mlango, mji, au sehemu haijajulikana. Hilo la tatu si aibu. Ni afadhali liandikwe waziwazi kuliko kufichwa ndani ya neno kizazi. Na yule mama wa miaka 60, daftari lake lisomeke hivi: mlango umetazamwa, hauna kasoro iliyoonekana, mji haujatazamwa.